Kuinstoli Moodle kwenye Ubuntu 24.04, na mambo yanayosahaulika mpaka siku ya mtihani

Wakuu habari zenu. Leo naandika kuhusu Moodle, programu ya kufundishia na kufanyia mitihani mtandaoni, maana kila chuo kidogo, kila sekondari yenye maabara ya kompyuta na kila taasisi ya mafunzo inayotaka kufundisha online inaishia hapo, ni ya bure, ipo tangu 2002 ilipotolewa vesheni 1.0 na Martin Dougiamas kule Perth, Australia, na inakaa vizuri kabisa kwenye VPS (seva ya kukodi) ya kawaida ya Linux. Maelekezo ya kuinstoli yapo mengi sana mtandaoni lakini karibu yote yanaishia pale ukurasa wa kulogini unapoonekana, na kwa uzoefu wangu wa kutunza hizi seva pale ndo nusu ya kazi tu. Seva inaonekana nzima wiki nzima, halafu siku ya mtihani wanafunzi mia mbili wanaingia kwa pamoja na kila kitu kinasimama. Sasa ngoja nipite haraka kwenye kuinstoli, halafu nikae sana kwenye yale yanayofuata.

Natumia Ubuntu 24.04 sababu inakuja na PHP 8.3, lugha iliyoandikiwa Moodle, na MariaDB 10.11, programu ya databesi, zote zinakubaliwa na Moodle 4.5, na 4.5 ni ile vesheni ya muda mrefu iliyotoka Oktoba 2024, itaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2027. Kwa chuo ambacho hakina mtu wa IT wa kukaa anaapdeti kila baada ya miezi sita, hiyo ndo ya kuchukua. Kama wewe utaenda 5.1 na kuendelea jua kwamba mpangilio wa mafolda umebadilika, Nginx, ile programu inayohudumia kurasa za wavuti, inatakiwa ielekee kwenye folda ya public iliyo ndani ya moodle na sio moodle yenyewe.

Vitu vya kuweka ni hivi:

sudo apt install nginx mariadb-server git php8.3-fpm php8.3-cli php8.3-mysql php8.3-curl php8.3-xml php8.3-mbstring php8.3-zip php8.3-gd php8.3-intl php8.3-soap

Kisha unavuta kodi yenyewe kwa git, usipakue zip, maana kwa git siku ya kuapdeti kuvuta kodi mpya ni komandi moja tu na bando linaliwa kidogo:

cd /var/www
sudo git clone --depth 1 -b MOODLE_405_STABLE https://github.com/moodle/moodle.git

Databesi unaitengeneza kwa utf8mb4, usiache hilo, la sivyo siku mwanafunzi akiweka emoji kwenye jukwaa la majadiliano utaanza kuona makosa ya ajabu:

CREATE DATABASE moodle DEFAULT CHARACTER SET utf8mb4 COLLATE utf8mb4_unicode_ci;

Unatengeneza yuza wake na paswedi ngumu, unampa ruhusa kwenye databesi hiyo moja tu, basi.

Sasa hapa kwenye folda ya data naomba tutulie kidogo. Moodle ina folda mbili, moja ya kodi na moja ya data, ile inaitwa moodledata, ndo humo zinakaa asaimenti za wanafunzi, picha, video, notsi za walimu, seshoni na kashe. Nimeona seva nyingi ambazo moodledata imewekwa ndani ya /var/www/moodle, yaani humohumo kwenye kodi, eti sababu ndo rahisi kuikumbuka. Hapana jamani. Ikikaa humo maana yake inafikika kwa brauza bila kupitia Moodle, na ulinzi wote wa nani anaruhusiwa kuona faili gani unakuwa hauna kazi. Iweke nje kabisa:

sudo mkdir /var/moodledata
sudo chown www-data:www-data /var/moodledata
sudo chmod 770 /var/moodledata

Na kodi yenyewe iache iwe mali ya root, yuza mkuu wa mfumo, na www-data, yule yuza anayeendesha wavuti, aweze kuisoma tu asiweze kuiandika. Kuna watu wakikwama kidogo wanakimbilia chmod 777 kwenye kila kitu, inafanya kazi kweli, lakini siku pluginzi (programu ya nyongeza) moja ikiwa na tundu la usalama mtu anakuandikia faili zake ndani ya kodi yako na hutajua mpaka uone seva inatuma barua za takataka dunia nzima.

Halafu unakopi config-dist.php iwe config.php, unajaza dbtype iwe mariadb, jina la databesi, yuza, paswedi, njia ya moodledata, na wwwroot ambayo lazima iwe anuani kamili yenye https kama utatumia https, na utatumia. Faili hilo lina paswedi ya databesi kwa hiyo mpe root umiliki, kundi www-data, ruhusa 640. Ukimaliza:

cd /var/www/moodle
sudo -u www-data php admin/cli/install_database.php --agree-license --adminpass='wekaYakoHapa'

Hapa wengi wanakutana na ujumbe kwamba max_input_vars lazima iwe 5000 au zaidi, wanaenda kuediti php.ini, wanarestati, wanajaribu tena, ujumbe uleule, wanakata tamaa. Sababu ni kwamba Ubuntu ina php.ini mbili tofauti, moja iko /etc/php/8.3/fpm ambayo ni ya wavuti, nyingine /etc/php/8.3/cli ambayo ni ya terminali, na hii komandi inasoma ya cli. Badilisha zote mbili. Ukiwa humo kwenye ya fpm pandisha pia upload_max_filesize na post_max_size, maana zinakuja na 2M na 8M, na kwenye Nginx weka client_max_body_size kwa kiwango hichohicho, yenyewe inakuja na MB 1 tu. Vitatu hivyo vinakwenda pamoja. Mwalimu akipandisha PDF ya MB 15 ikagoma ujue kimojawapo umekisahau.

Kwenye Nginx kuna mtego mmoja unaosumbua watu mno. Ukiinstoli halafu ukafungua ukurasa ukaona maandishi matupu kwenye ukurasa mweupe, hakuna rangi, hakuna mpangilio, linki zimejipanga wima upande wa kushoto, usianze kuinstoli upya. Moodle inaita mafaili yake kwa mtindo wa kuweka njia baada ya jina la faili la php, mfano styles.php/boost/namba/all, na ile mistari ya kawaida ya Nginx inakubali tu anuani inayoishia na .php. Sehemu hiyo inatakiwa iwe hivi:

location ~ [^/]\.php(/|$) {
    fastcgi_split_path_info ^(.+\.php)(/.+)$;
    fastcgi_pass unix:/run/php/php8.3-fpm.sock;
    include fastcgi_params;
    fastcgi_param PATH_INFO $fastcgi_path_info;
    fastcgi_param SCRIPT_FILENAME $document_root$fastcgi_script_name;
}

Restati Nginx, rangi zinarudi. Https unaiweka kwa certbot, sertifiketi za Let's Encrypt zinajihuisha zenyewe, sina la kuongeza hapo.

Haya, ukurasa umefunguka, umelogini kama admini, umeweka nembo ya chuo, mkuu wa chuo kafurahi. Sasa kroni, yaani ile ratiba ya Linux inayoendesha komandi zenyewe kwa muda uliopangwa.

Kama kuna kitu kimoja ningependa mtu atoke nacho hapa ni kroni. Moodle haifanyi kila kitu pale mtu anapobofya. Kazi nyingi sana inaziweka foleni na kusubiri iamshwe, na anayeiamsha ni kroni, tena kila dakika moja. Barua pepe za jukwaa zinatumwa na kroni. Mwalimu akifuta asaimenti kwenye kozi, kufutwa kwenyewe kunafanywa na kroni. Bakapu za kozi za usiku, kukamilika kwa kozi, vikumbusho, vyote kroni. Na kubwa kuliko zote kwa mazingira yetu ni mtihani, mwanafunzi yuko Songea anafanya kwizi ya saa moja, umeme unakatika dakika ya arobaini, simu haina chaji, haijarudi. Moodle ilikuwa inasevu majibu yake kila dakika kwa hiyo alichojibu kipo, lakini anayekuja kufunga ule mtihani na kuukusanya muda ukiisha, wakati mwanafunzi hayupo, ni kroni. Kroni isipotembea mtihani wake unabaki unaonyesha bado anaendelea, alama hazitoki, mwalimu anadhani hakukusanya, na mtoto wa watu anapata sifuri kwa kazi aliyoifanya. Hilo linaniuma kila nikilikuta, sababu mstari wenyewe ni mmoja tu:

sudo crontab -u www-data -e

* * * * * /usr/bin/php /var/www/moodle/admin/cli/cron.php >/dev/null

Ona nimeweka -u www-data. Ukiiweka kwenye krontabu ya root itatembea, lakini itatengeneza mafaili ndani ya moodledata ambayo ni mali ya root, halafu wavuti ikitaka kuyaandika inashindwa, unaanza kuona makosa ya kashe yanayokuja na kupotea. Ukiisha weka, subiri dakika tano, ingia kama admini kwenye ukurasa wa arifa za mfumo, kama kroni haitembei utakuta onyo hapo. Na usishtuke mtu akiandika kwenye jukwaa na barua pepe isije mara moja, Moodle inampa mwandishi dakika 30 za kurekebisha alichoandika kabla ya kutuma.

La pili ni idadi ya watu. PHP-FPM ya Ubuntu, ile sehemu inayoendesha kodi ya PHP kwa ajili ya Nginx, inakuja na pm.max_children = 5. Tano. Maana yake seva yako inahudumia maombi matano tu kwa wakati mmoja, mengine yote yanasubiri mlangoni, hata kama umelipia mashine yenye RAM GB 16. Ukiwa unajaribu peke yako ofisini au na wenzako watatu hutaona chochote, inapaa. Sasa piga hesabu ya mtihani, wanafunzi 200, kila mmoja brauza yake inasevu majibu kila dakika, hayo peke yake ni maombi 200 kwa dakika kabla hata hawajageuza ukurasa, na ile dakika ya kwanza wote wanabofya kuanza kwa pamoja. Ukifungua /var/log/php8.3-fpm.log siku hiyo utakuta mstari unaosema server reached pm.max_children setting (5), na huo ndo jibu lako lote.

Usiandike tu 200 ukaondoka, maana RAM ikiisha Linux itaanza kuua michakato na mara nyingi inaanza na MariaDB. Angalia kwanza mchakato mmoja wa PHP unakula kiasi gani kwa komandi ya ps au htop, tuseme ni MB 60. Mashine ya GB 4, toa kama MB 500 za mfumo, toa GB 1.2 za databesi, unabaki na kama GB 2.3, gawa kwa 60 unapata 38, weka 35. Wakati huohuo pandisha innodb_buffer_pool_size ya MariaDB iwe GB 1, inakuja na MB 128 ambayo kwa chuo ni ndogo mno. Mabadiliko haya mawili peke yake nimeona yakifufua seva ambazo watu walishaanza kuomba bajeti ya kununua nyingine.

Saa nayo. Seva nyingi za kukodi ziko kwenye saa ya UTC, kwa hiyo nenda kwenye setingi za mahali ndani ya Moodle uweke Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi, la sivyo mtihani utafunguka saa tatu nzima nje ya muda. Halafu kaa na walimu uwaonyeshe kwa macho, mtihani wa saa mbili asubuhi unaandikwa 08:00. Mwalimu akiandika 02:00 anafungua mtihani usiku wa manane, na kama ameweka muda wa kufunga saa nne akaandika 04:00, wanafunzi wakiamka umeshafungwa. Mimi huwa naomba walimu wote wafungue kwizi ya majaribio ya swali moja wiki moja kabla, wanafunzi waingie, makosa ya saa yanaonekana hapo mapema.

Bakapu nayo iwe ya vitu vitatu kwa pamoja, databesi, moodledata na config.php. Kuna watu wanabakapu databesi tu sababu ni nyepesi, na kuna wanaokopi moodledata tu wakidhani kazi zote zimo. Ukifungua moodledata/filedir utakuta mafaili yamepewa majina ya herufi na namba ndefu za SHA1, hakuna hata moja lenye jina la mwanafunzi, ramani ya lipi ni la nani iko kwenye databesi. Moja bila nyingine haikusaidii. Anza na databesi kwa mysqldump yenye --single-transaction ili usiwafungie watu, halafu ndo unakopi filedir kwa rsync, kwa mpangilio huo kila faili lililotajwa kwenye databesi litakuwepo kwenye kopi. Peleka kopi kwenye mashine nyingine kabisa, ikiwezekana mtoa huduma mwingine, na kila muhula ukifunguliwa tafuta kompyuta yoyote ya akiba, irudishe kopi hiyo yote, logini, fungua kozi moja, pakua asaimenti moja ya mwanafunzi uone kama inafunguka. Ukiirudisha badilisha wwwroot kwenye config.php na uzime kutuma barua pepe kabla ya kuwasha kroni, mstari wake ni $CFG->noemailever = true; maana bila hivyo ile kopi nayo itaanza kuwatumia wanafunzi barua.