Maana ya gitaa la umeme la nusu uvungu

Gitaa la umeme la nusu uvungu ni gitaa ambalo mwili wake una nafasi wazi ndani, upande wa kulia na wa kushoto, lakini katikati yake, kuanzia pale shingo inapoungana na mwili hadi ukingo wa chini, limepitishiwa gogo la mbao lililogandishwa kwa gundi kwenye uso na mgongo. Gogo hilo ndilo linaloamua kama gitaa ni la aina hii au la. Matundu mawili yenye umbo la herufi f ndiyo yanayovutia macho kwanza, na wengi huyachukulia kuwa alama ya kutosha, ingawa matundu hayo yapo pia kwenye magitaa yasiyo na gogo lolote, na kwa upande mwingine yapo magitaa ya nusu uvungu yasiyo na tundu hata moja, likiwemo lile ambalo kampuni ya Gibson ilianza kulitoa mwaka 1980 kwa heshima ya mpigaji wa bluzi B.B. King.

Ili kuelewa kwa nini mtu alifikiria kuweka gogo ndani ya gitaa, ni lazima kuanza na tatizo lililowasumbua wapigaji wa miaka ya 1930 na 1940. Katika bendi kubwa za jazi za Marekani gitaa lilikuwa likimezwa na tarumbeta na saksafoni. Mwaka 1936 Gibson ilitoa gitaa la umeme liitwalo ES-150, ambalo mpigaji wa jazi Charlie Christian alilitumia kuonyesha kwamba gitaa linaweza kupiga solo na kusikika sawasawa na vyombo vya kupuliza. Chini ya nyuzi kulikuwa na pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, ambayo huugeuza mtikisiko wa nyuzi za chuma kuwa mkondo wa umeme unaokwenda kwenye amplifaya. Mwili wa gitaa hilo, hata hivyo, ulibaki kuwa sanduku tupu lenye uso mwembamba kama yalivyokuwa magitaa yasiyo ya umeme.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Uso mwembamba wa mbao juu ya uvungu hutikisika kwa urahisi kama ngozi ya ngoma, na spika inapotoa sauti kubwa, sauti hiyo huupiga uso, uso hutikisa nyuzi, pikapu huunasa mtikisiko huo na kuupeleka tena kwenye amplifaya, ambayo huutoa ukiwa mkubwa zaidi. Mzunguko huo hujirudia kwa kasi hadi gitaa linaanza kunguruma au kupiga ukelele bila mtu kuligusa. Kadiri kumbi zilivyokuwa kubwa na amplifaya zilivyokuwa na nguvu, ndivyo mpigaji alivyolazimika kuchagua kati ya kusikika na kulidhibiti gitaa lake.

Jawabu la kwanza lilikuwa kuondoa uvungu kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, katika karakana ya kampuni ya magitaa ya Epiphone jijini New York, mpigaji na mbunifu Les Paul aliunda chombo alichokiita Gogo: kipande kinene cha msonobari chenye shingo, nyuzi na pikapu, ambacho alikibandikia nusu mbili za mwili wa gitaa la kawaida pembeni ili kifanane na gitaa machoni pa watazamaji. Kampuni ya Fender ilianza kuuza magitaa ya ubao mzima mwaka 1950, na Gibson ikafuata mwaka 1952 kwa gitaa lenye jina la Les Paul mwenyewe. Magitaa hayo hayakupiga ukelele kirahisi, na sauti ya uzi uliopigwa ilidumu muda mrefu. Lakini wapigaji waliozoea magitaa makubwa waliyaona ni madogo na mazito kwa kimo chake, na walikosa ule wepesi wa sauti unaotokana na hewa ndani ya mbao.

Ted McCarty, aliyekuwa rais wa Gibson, alitaka sifa za pande zote mbili ziwe katika chombo kimoja, na mwaka 1958 kiwanda cha Kalamazoo, Michigan, kilitoa ES-335. Upana wa mwili wake ni inchi 16, yaani takriban sentimita 40, sawa na magitaa ya jazi ya wakati huo, ila unene wa mbavu zake hauzidi sentimita 5, wakati gitaa la jazi lenye uvungu kamili, kama ES-175, lina takriban sentimita 8 na nusu. Uso na mgongo ni plaiwudi ya mbao za mepo na popla iliyokunjwa iwe na mbinuko. Gogo la kati ni la mepo, na kwa kuwa gogo ni bapa ilhali uso umebinuka, mafundi walichonga vipande vya mbao laini ya sprusi vya kujaza pengo lililobaki, ili uso ushikamane na gogo kote. Pikapu na daraja la nyuzi vimekaa juu ya gogo hilo. Hivyo nyuzi hutikisika juu ya mbao nzito isiyoyumba, huku mabawa mawili ya pembeni yakiendelea kupumua.

Baadhi ya wanunuzi huvunjika moyo wanaposikia neno plaiwudi. Hawana sababu. Katika gitaa la kupigwa bila umeme, uso wa mbao moja huthaminiwa kwa sababu hutikisika kwa uhuru. Katika chombo kilichobuniwa kupunguza mtikisiko wa uso mbele ya spika, ugumu wa plaiwudi ni sehemu ya ubunifu wenyewe, tena haipasuki haraka hali ya hewa inapobadilika.

Jambo la pili lililoipa ES-335 sauti yake ni pikapu za koili mbili, yaani mizunguko miwili ya waya, zilizobuniwa na fundi wa Gibson Seth Lover, ambazo Gibson ilianza kuzitumia mwaka 1957. Koili moja huzungushwa kinyume cha nyingine na sumaku zake hugeuzwa, hivyo mvumo unaoletwa na nyaya za umeme wa nyumbani hufutana, na sauti ya nyuzi hubaki. Matokeo yake ni sauti nene na tulivu ambayo hukolea na kuanza kukwaruza taratibu mpigaji anapoongeza nguvu ya mkono, na kwa maoni yangu hakuna gitaa linalojibu mkono kwa uaminifu zaidi. Ndiyo maana limekubalika katika jazi, bluzi, roki na soul bila kubadilishwa umbo. B.B. King, aliyekuwa akiyaita magitaa yake Lucille, alishikamana na ES-355, ndugu wa kifahari wa ES-335, na aliipeleka sauti hiyo Kinshasa Septemba 1974 katika tamasha la Zaire 74, ambako Franco na Tabu Ley nao walipiga.

Dhana hii huchanganywa mara nyingi kwa sababu ya magitaa yanayofanana kwa nje. ES-330 ya mwaka 1959 na Epiphone Casino ya mwaka 1961 zina umbo lilelile la pembe mbili, yaani ncha mbili za mwili pembeni mwa shingo, lakini ndani hazina gogo, kwa hiyo ni magitaa ya uvungu kamili yaliyopunguzwa unene. John Lennon, Paul McCartney na George Harrison wa Beatles wote walimiliki Casino, na mtu anayenunua ES-335 akitarajia sauti hiyo ananunua kitu kingine. Kuna pia njia ya kinyume, ambapo fundi huanza na ubao mzima na kuukomba. Rickenbacker 330 ya mwaka 1958 hukombwa kwa nyuma kisha hufunikwa, na Telecaster Thinline, ambayo Roger Rossmeisl aliibunia Fender mwaka 1968, hukombwa pembeni na kuachiwa mbao katikati. Mimi nayahesabu kuwa ya nusu uvungu, ingawa sauti yake ni kali na nyembamba kuliko ya ES-335.

Wapenzi wa magitaa ya zamani husoma miaka kwa macho. ES-335 za mwanzo, hadi katikati ya mwaka 1962, zina alama za nukta kwenye ubao wa vidole. Baadaye zikawa za mistatili midogo. Pembe za mwanzo ni za mviringo, kisha zikachongoka. Kufikia mwaka 1965 kishikio cha nyuzi kilichokazwa kwa skurubu juu ya gogo kilikuwa kimebadilishwa na kile kinachoning'inia kutoka ukingo wa chini, na mwaka huohuo upana wa shingo pale juu ukapungua kutoka takriban milimita 43 hadi 40. Mabadiliko hayo mawili hupunguza bei sana, na kuhusu shingo nakubaliana na soko, maana vidole vinene hubanana. Rangi nayo husimulia: wekundu wa miaka ya mwanzo ya 1960 hufifia kwa mwanga hadi kufanana na nyama ya tikitimaji, na vanishi ya nitroselulosi hupasuka mistari myembamba inayoupamba mwili wote. ES-335 ya mwaka 1964 iliyokuwa ya mpigaji maarufu Eric Clapton iliuzwa kwenye mnada wa Christie's mwaka 2004 kwa dola 847,500, bei ambayo kwa kiasi kikubwa ilikuwa ya mkono ulioishika.

Asiye na fedha hizo hajanyimwa kitu. Mpigaji wa jazi John Scofield amejenga sauti yake yote juu ya Ibanez AS-200 ya Japani, na kampuni ya Heritage imekuwa ikitengeneza magitaa ya aina hii tangu mwaka 1985 katika jengo lilelile la Kalamazoo ambalo Gibson ililihama. Epiphone za leo zina gogo, pikapu za koili mbili na mbinuko uleule kwa sehemu ndogo ya gharama. Kabla ya kununua, mulika tochi ndani ya tundu la f uone ukuta wa gogo, kisha zungusha kila kifundo cha sauti usikilize kama kinakwaruza, kwa kuwa gitaa hili kwa kawaida halina mfuniko mgongoni: fundi hulazimika kuvitoa na kuvirudisha vidhibiti vyote vilivyo chini ya vifundo kupitia matundu hayo akiwa amevifunga uzi, na kazi hiyo ya saa nyingi hulipiwa.

Anayesafiri na gitaa la zamani azingatie pia sheria ya mbao. Ubao wa vidole wa ES-335 nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1960 ni rozwudi ya Brazili, mti wa jenasi moja na mpingo wetu, na tangu mwaka 1992 biashara yake ya kimataifa imezuiwa vikali na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mwaka 2017 jenasi nzima iliwekewa masharti, mpingo ukiwemo. Mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikasamehewa, lakini si vile vya rozwudi ya Brazili, ambavyo bado huhitaji vibali vinapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine.