Albania iko Ulaya, ila haiko Schengen

"Si tuna Schengen? Albania tunaingia tu." Kauli hii inatoka kwa watu waliokwisha kulipia hoteli Berat na Saranda, miji ya Albania, tena wawili wawili, mtu na rafiki yake, na kila mmoja anamtegemea mwenzake kuwa ndiye aliyeulizia. Ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoponza.

Albania haimo katika Umoja wa Ulaya wala Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazoingiwa kwa viza moja. Ina uhamiaji wake. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Albania, isipokuwa awe na viza hai ya Schengen yenye sifa mbili kwa pamoja: iwe ya kuingia mara nyingi, na iwe imeshatumika kuingia nchi mojawapo ya Schengen. Hapo anaruhusiwa kukaa hadi siku 90. Sifa ya kwanza watu huisikia. Ya pili huwapita kabisa.

Fungueni pasi zenu, zote mbili. Kwenye stika ya viza kuna nafasi ya idadi ya kuingia, imeandikwa 01 (mara moja), 02 (mara mbili) au MULT (mara nyingi). Mwenye 01 akitoka Italia kwenda Tirana, mji mkuu wa Albania, viza imekwisha kazi hata kama tarehe zimebaki. Kama tiketi ya kurudi nyumbani inaanzia Roma, hataifikia: kaunta ya ndege pale Tirana watamkatalia, kwa sababu shirika likimpeleka abiria asiye na ruhusa, faini ni yake na kumrudisha ni juu yake. Mwenye 02 anaweza kurudi Italia, lakini 02 haimwingizi Albania, maana kinachotakiwa ni MULT. Huyu aombe viza ya Albania, ambayo huombwa mtandaoni, na aipate kabla ya kukata tiketi.

Marafiki wanaumbukia hapa. Mnaomba siku moja, ubalozi mmoja, barua zimeandikwa na mkono mmoja. Mwenye historia ya safari anapewa MULT, mwenzake anapewa 01, halafu mwenye MULT anasoma stika yake na kutangaza kwamba "tumepata". Mmepata vitu viwili tofauti. Kinga inaanzia kwenye fomu: panapoulizwa idadi ya kuingia, kila mmoja aweke alama kwenye mara nyingi, na barua ya safari itaje njia yote, kwa mfano usiku mbili Roma, siku nane Albania, kisha kurudi Schengen kupitia Corfu, kisiwa cha Ugiriki. Ambatanisheni na hoteli za Albania. Wapo wanaoificha Albania wakidhani wanarahisisha mambo. Ofisa asiyeona sababu ya kutoka na kurudi ataandika 01, na hatakuwa amekosea.

Sasa ile sifa ya pili. Tiketi ya Dar es Salaam–Istanbul–Tirana inavutia, lakini Uturuki si Schengen. Ukishuka Tirana na stika mpya ambayo haijagusa nchi yoyote ya Schengen, sharti hukulitimiza, MULT au si MULT. Lala Athens au Roma kwanza. Na bodingi pasi msitupe: tangu 12 Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuhamia mfumo wa EES, unaosajili picha na alama za vidole badala ya kugonga muhuri, kwa hiyo unaweza kukosa wino wa kumwonesha ofisa wa Albania.

Siku za Albania hazili siku zenu za Schengen, ila tarehe ya mwisho kwenye stika haisimami kuwasubiri. Bima ya viza nayo huwa imeandikwa kwa nchi za Schengen. Itakeni itaje Albania kwa jina. Laini ya simu ya Italia au Ugiriki pia haibebi bando lake bure kule.

Kuna dada wa dhana hii: "wanaotumia yuro wote ni Schengen." Montenegro na Kosovo wanatumia yuro na hawamo. Kroatia imo, tangu 1 Januari 2023. Albania yenyewe inatumia lek.

"Tutalala Tirana, kwingine tunakwenda na kurudi." Berat sawa, ni kama kilomita 100, ingawa ukiondoka jioni unaikosa ngome, ambayo hadi leo watu wanaishi ndani yake. Gjirokastër hapana. Ni saa nne na zaidi kwa basi kila upande, na treni hakuna. Usafiri wa kati ya miji ni mabasi na furgon, basi dogo linalofanana tabia na daladala: mengi yanaondoka asubuhi, nauli ni keshi, na ratiba ya mtandaoni ni ya kuulizia upya kituoni jana yake. Pangeni kwa mstari, Tirana, Berat, Gjirokastër, Saranda, bila kurudi nyuma. Sanduku la magurudumu liacheni nyumbani. Vichochoro vya Gjirokastër vimetandikwa mawe yaliyosuguliwa na miguu ya karne nyingi, vina mwinamo mkali, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Begi la mgongoni, viatu vyenye soli ya mpira.

"Wanatuongezea sifuri." Mara nyingi si wizi. Mwaka 1965 sarafu ilibadilishwa, lek 10 za zamani zikawa 1 mpya, na wengi bado wanahesabu kwa za zamani mdomoni. Mzee akisema kahawa ni elfu moja, anamaanisha lek 100, takribani yuro 1. Usimpe noti ya elfu ukaondoka. Uliza, "za zamani au mpya?"

"Ni nchi ya Waislamu, nyama zote ni halali." Waislamu ndio wengi, lakini dini ilipigwa marufuku kuanzia 1967 hadi 1990, na nguruwe na pombe vinauzwa waziwazi. Ulizeni kila mgahawa.

"Ksamil ni kama Paje." Ksamil ni ufukwe ulio karibu na Saranda. Maji ni mazuri kweli, ila mchanga umechanganyika na kokoto, na Julai na Agosti sehemu kubwa ya ufukwe imejaa viti vya kulipia. Mwezi wa nne bahari ile ni baridi kwa mtu aliyezoea Bahari ya Hindi. Nendeni mwezi wa sita au wa tisa, na mvae viatu vya maji.

La mwisho ni "Corfu ni hapo tu, boti nusu saa." Ni nusu saa kwa boti ya kasi, kivuko cha kawaida huchukua zaidi ya saa moja. Halafu Ugiriki iko mbele kwa saa moja. Boti ya kasi ikiondoka Saranda saa nne na nusu asubuhi, mnatia nanga Corfu saa sita kamili, na foleni ya pasipoti bado. Ndege ya saa saba msahau. Kateni ya saa kumi.