Kuunganisha mtoto na familia si kumshusha kijijini

Makao ya watoto yanapofungwa hapa Nairobi, aghalabu hutangazwa kwamba watoto wote "wameunganishwa na familia zao", hata pale ambapo walikodishiwa matatu tu na kushushwa katika vijiji vilivyoandikwa kwenye faili zao. Kuunganisha ni utaratibu mzima wa kumtoa mtoto katika makao na kumrejesha katika malezi ya wazazi au jamaa zake, chini ya uangalizi wa afisa wa watoto, hadi ithibitike kwamba ametulia na yuko salama.

Safari ya matatu ni sehemu fupi kabisa ya utaratibu huo. Kabla yake kuna kuitafuta familia, na kazi hiyo ni ngumu, kwa sababu faili huweza kusema "Machakos" bila kutaja kata wala kijiji, na mtoto aliyeingia akiwa na miaka miwili huenda akakumbuka jina la utani la nyanyake tu. Mhudumu wa ustawi wa jamii huanza kwa chifu na wazee wa mtaa, na akishaipata nyumba hukaa na wenyewe kuuliza ni nani wanaolala humo, mtoto atasoma wapi, na ni jambo gani lililomwondoa hapo awali. Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito, maana wengi wa watoto hawa wana mzazi aliye hai, na mara nyingi kilichowatenganisha ni umaskini. Ikiwa chakula na karo vingali vimekosekana, mtoto aliyerudishwa leo anaweza kuonekana tena mtaani baada ya muda mfupi. Ndiyo maana mtoto huandaliwa, familia husaidiwa, na baada ya kurejea hutembelewa mara kwa mara.

Mtoto asipopata jamaa wa kumpokea, anaweza kupewa malezi ya kambo, yaani kulelewa kwa muda na familia nyingine. Huko si kuasiliwa, ambako ni kwa amri ya mahakama na ni kwa kudumu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inatambua pia kafala, ambapo familia ya Kiislamu humlea mtoto naye akabaki na nasaba yake.

Kwa kuwa serikali ilisitisha usajili wa makao mapya Novemba 2017, na hasa chini ya mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unaolenga kuhamishia malezi katika familia, matangazo ya aina hii yataendelea kusikika. Makao yaliyofungwa Ijumaa na watoto kuondoka Jumamosi yaseme kwamba watoto wamerudishwa nyumbani, kisha yaeleze ni nani atakayewatembelea mwezi ujao.