Je, Wajua Kwa Nini Maongezi ya Kazini Hukwama Baada ya Salamu?

Mtumishi aliyehamishiwa Dodoma hapungukiwi salamu. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi, ofisi za Mtumba, ulipo Mji wa Serikali, zimekusanya watu wa kila mkoa, na karibu wote wanajua kuamkiana vizuri. Ugumu huja baadaye, pale wawili wanaposubiri chai ya saa nne na kila mmoja anaikimbilia simu yake.

Salamu ni rahisi kwa sababu majibu yake yanajulikana tangu utotoni: anayesema shikamoo ana hakika ya marahaba. Neno linalofuata halina uhakika huo, na hapo ndipo hofu ya kumchosha mwenzako inapoingia. Hofu hiyo mara nyingi haina msingi. Mwaka 2018 watafiti wa saikolojia wakiongozwa na Erica Boothby walieleza jinsi walivyowakutanisha watu wasiofahamiana, wakawaacha waongee kwa muda mfupi, kisha wakamuuliza kila mmoja kando amempenda mwenzake kiasi gani, na anadhani yeye mwenyewe amependwa kiasi gani. Kwa wastani, watu walidhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Kwa wanafunzi walioishi pamoja bwenini, dhana hiyo potofu iliendelea kwa miezi mingi. Maelezo yao, ambayo nayaona ya kweli kabisa, ni kwamba mtu hushughulika mno kuhesabu makosa yake mwenyewe hata asizione dalili za furaha kwa anayeongea naye.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard nao walionyesha mwaka 2017 kwamba wanaouliza maswali mengi zaidi hupendwa zaidi, hasa maswali yanayotokana na jibu lililotangulia. Kwa hiyo anayetaka kuzoea maongezi haya hahitaji kuandaa hadithi; anahitaji kusikiliza jibu la kwanza. Tuseme kijana mgeni yuko na mzee wa masjala mwezi wa Desemba:

“Mzee, huko kwenu Chamwino mvua imeshashuka?”

“Imeshuka juzi, tumeanza kupanda.”

Wengi huishia kwenye “Tunamshukuru Mungu” na kunyamaza. Lakini neno “kupanda” limeshafungua mlango, na kijana akiuliza kama mwaka huu wameweka uwele au mtama, mzee ataeleza kwa nini uwele unavumilia ukame, ndege wanavyousumbua, na shamba lake liko upande gani. Kijana hatakuwa na kazi kubwa zaidi ya kufuatilia.

Mambo ya kuanzia yako tele: mvua, vumbi, zabibu za msimu, safari ya treni ya kwenda Dar es Salaam. Yasiyofaa ni kuulizia mshahara, au kumuuliza mtu usiyemzoea kwa nini hajaoa au hajapata mtoto. Swali hilo tunalirusha kirahisi mno maofisini, nalo linaumiza watu kimyakimya.

Wapo pia wanaokwepa kuanza kwa sababu hawajui watakavyoondoka. Kwa hilo lugha yetu imekwisha kutusaidia, kwani “Haya mzee, ngoja nikamalizie lile dokezo, tutaongea” hukubalika kwa kila cheo, na kesho yake anayeulizia ule uwele ameshapata pa kuanzia.