Bunge kuunda sera, maana yake nini hasa?

Ukisikia mtu anachunguza jinsi bunge linavyounda sera ya umma, usidhani anahesabu tu sheria zilizopitishwa mwaka huu. Sera ni ule uamuzi wa serikali unaokugusa mpaka mfukoni, kodi gani ulipe, pesa ya dawa iende wapi, na mara nyingi unaanzia wizarani na kwenye baraza la mawaziri kabla mbunge wa kawaida hajauona. Sasa huyo mchunguzi anauliza, uamuzi huo ukishafika bungeni unabadilika au unapita vilevile ulivyokuja?

Msomi mmoja Mwingereza, Philip Norton, mwaka 1984 aliyagawa mabunge kwa swali hilohilo. Kuna yanayoweza kukataa sera ya serikali na kuweka yao, kuna yanayoweza kuirekebisha au kuikataa lakini hayana yao ya kuweka, na kuna yasiyoweza lolote. Letu hapa Uganda mimi naliweka katikati, kwa sababu ibara ya 93 ya katiba ya 1995 inamzuia mbunge kuleta mwenyewe muswada wa kuongeza kodi au kutoa pesa kwenye mfuko mkuu wa serikali, hayo mpaka yaletwe kwa niaba ya serikali. Lakini pia sio bunge la kukaa tu, ile sheria ya bajeti ya 2001 ilianza kama muswada binafsi wa mbunge na ndiyo iliyolipatia bunge ofisi yake ya bajeti, yaani watu wake wa kuchambua hesabu za wizara.

Chukua ile kodi ya pesa za simu, nadhani wengi bado mnaikumbuka. Julai 2018 ilianza kwa asilimia 1, ukipokea, ukilipa, ukitoa, kote unakatwa, watu wakalalamika, wengine wakaandamana Kampala, rais naye akasema asilimia ilikuwa kubwa mno, suala likarudi bungeni na mwaka huohuo ikawa asilimia 0.5 na ni kwenye kutoa pesa tu. Ukiangalia haraka utasema bunge limetuokoa, kumbe ni bunge hilohilo lililopitisha asilimia 1 mwezi Mei! Ndio maana mchunguzi anaweka muswada ulivyoletwa pembeni ya sheria ilivyotoka, anasoma ripoti ya kamati na Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni, halafu kila neno lililobadilika anauliza limesukumwa na nani, kamati, ikulu, wenye makampuni au watu wa barabarani.

Kuna kitu kingine ambacho Hansadi haina, kikao cha wabunge wa chama tawala kabla ya kura, na mara nyingi msimamo unapangwa huko. Hapo karatasi hazisaidii, inabidi uende ukae na wabunge na makarani wa kamati, uwaulize, na ulinganishe wanachosema.