Usanifu endelevu wa mbao kwenye kumbi za michezo ya theluji ni kitu gani hasa

Sisi wa Dodoma theluji tunaiona kwenye TV tu, ila hii dhana inatuhusu kuliko inavyoonekana, maana ndani yake kuna mbao, kuna paa na kuna mzigo unaokaa juu ya paa. Kwa kifupi ni hivi: nchi za baridi zinajenga kumbi za kuteleza kwenye barafu, vituo vya skii na majukwaa ya watazamaji kwa mbao badala ya kutegemea chuma na zege, mbao zitoke kwenye msitu unaovunwa na kupandwa upya, jengo lidumu, na mashindano yakiisha watu waendelee kulitumia. Kikikosekana kimoja hapo basi huo uendelevu ni wa kwenye brosha.

Sasa ukisema mbao mtu wa hapa anawaza kenchi za mbili kwa nne kutoka Mafinga, wakati ule ukumbi wa Hamar kule Norway, unaitwa Vikingskipet, uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Lillehammer 1994, paa lake linavuka karibu mita 100 bila nguzo katikati. Hakuna mti unaotoa boriti ya hivyo. Wanachofanya ni kuchukua mbao nyembamba zilizokaushwa vizuri, wanazipaka gundi moja juu ya nyingine na kuzibana zikiwa zimepindwa kwa umbo wanalotaka, inatoka boriti moja nene, ndo glulamu hiyo. Sio kitu kipya, Mjerumani Otto Hetzer aliandikisha hataza ya boriti za kupinda za namna hii mwaka 1906. Japani nao kwa Olimpiki ya Nagano 1998 walijenga ukumbi wa kuteleza kwenye barafu unaoitwa M-Wave, paa lake la mbao limening'inizwa kabisa na linavuka mita 80.

Kwa nini mbao? Nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni ambayo mti uliivuta kutoka hewani, kwa hiyo mita moja ya ujazo ya paini inakuwa imefungia hewa ukaa ya kama kilo 800, na itabaki humo mpaka mbao ioze au iungue. Saruji na chuma vinatoa hewa hiyo wakati wa kutengenezwa. Halafu mbao ni nyepesi ukilinganisha na nguvu yake, na hapo ndo habari ya theluji inapoingia.

Theluji jamani ni nzito. Ikidondoka inaonekana kama pamba, ila ikikaa siku kadhaa inashikana, na mita moja ya theluji iliyoshikana inaweza kuweka kilo 200 na zaidi kwa kila mita ya mraba ya paa, ikinyeshewa mvua ndo inazidi. Mgogo aliyekulia kwenye tembe hahitaji kuelezewa hili, lile paa bapa la udongo juu ya fito limebebwa na nguzo zenye panda, na kila mtu nyumbani anajua paa la tembe la kiangazi na paa hilohilo baada ya mvua ya siku mbili sio mzigo mmoja. Wahandisi wa kumbi za barafu wanapiga hesabu ileile: jinsi paa lenyewe linavyokuwa jepesi ndivyo nguvu ya boriti inavyobaki kwa ajili ya theluji.

Ila uzito ukiujua unaupangia, unyevu ndo mtihani. Ndani ya ukumbi kuna barafu chini, inapoza dari, watu wanapumua na kutoa jasho, ile hewa yenye maji ikigusa dari ya baridi inatoa matone, na hayo matone yanaingia kwenye mbao na kwenye gundi mwaka baada ya mwaka bila mtu kuona. Tarehe 2 Januari 2006 paa la ukumbi wa barafu wa Bad Reichenhall, Ujerumani, liliporomoka likiwa na theluji juu, wakafa watu 15, wengi wao watoto. Lilikuwa la mbao, la miaka ya 1970, na uchunguzi ulionyesha pamoja na mengine kwamba gundi iliyotumika ilikuwa ya aina isiyovumilia unyevu. Kwa mtazamo wangu huwezi kuzungumzia uendelevu bila kuitaja hiyo siku, maana jengo lililoanguka halina kaboni ya kujivunia. Siku hizi wanatumia gundi zinazostahimili maji, wanaweka mashine za kukausha hewa, na boriti zinaachwa wazi ili mkaguzi aone ufa mapema.

Moto watu huuliza sana. Boriti nene inaungua taratibu, kama milimita 0.7 kwa dakika, ile nje inakuwa mkaa na mkaa unakinga ndani, kwa hiyo baada ya nusu saa umepoteza kama sentimita mbili kila upande unaoungua na kilichobaki bado kinabeba.

Msitu sasa. Kule Skandinavia paini na sprusi (mti wa jamii ya paini) huvunwa kwenye miaka 70 mpaka 100, ukiangalia kichwa cha ubao pete zake, zile duara za kila mwaka wa kukua, zimebanana, zinakaribiana kama uzi. Nenda yadi yoyote ya mbao hapa mjini uangalie ubao wa paini iliyokatwa ikiwa changa, pete pana, kiini kipo katikati, ukiuacha kwenye jua letu wiki moja umeshajikunja kama upinde. Sio kwamba paini yetu ni mbaya, ni kwamba tunaikata mapema, na Sao Hill huko Mufindi kuna msitu mkubwa tu wa kupandwa. Na hapa kwetu hata ukipata ubao uliokomaa, bila dawa mchwa wanaumaliza, tatizo ambalo Norway hawana.

Kanada kwa Olimpiki ya Vancouver 2010 waliezeka ukumbi wa kuteleza kwenye barafu wa Richmond, mji jirani na Vancouver, kwa mbao ambazo nyingine zilitoka kwenye miti iliyouawa na mbawakawa wa paini, wadudu waliozidi kwenye jimbo hilo la British Columbia kwa sababu baridi imepungua makali na haiwaui tena kama zamani. Mbao ile ina rangi ya bluu kutokana na kuvu wanaoletwa na huyo mdudu ila nguvu yake ipo. Baada ya michezo wakaitoa ile njia ya barafu ya mita 400, leo ndani kuna viwanja vya basketi, jimu na viwanja viwili vya barafu, na wakazi wa mtaa wanalipia uanachama kama jimu nyingine yoyote.