Kisukari cha mtoto kimetoka upande wa nani?

Jirani yangu wa Mbagala alifunua mtungi wa udongo uliokaa kwenye beseni la mchanga uliolowa. Ndani, kwenye mfuko wa plastiki, kilikuwemo kichupa cha insulini ya binti yake wa miaka tisa. Nyumbani hapo hakuna friji. Nami swali langu la kwanza likawa: "Dada, kisukari kipo kwenu au kwa shemeji?" Akajibu hakuna, macho chini. Kumbe wakwe zake walishamuuliza hilohilo, tena si mara moja.

Niliamini kwamba ugonjwa wa jeni lazima uwe na babu au shangazi aliyeutangulia. Kwa kisukari cha aina ya kwanza, ambapo kinga ya mwili huziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, sivyo. Katika nchi zilizofuatilia kwa muda mrefu, karibu watoto tisa kati ya kumi wanaougua hawana mzazi wala ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huo. Hata mapacha wa yai moja, wenye jeni zilezile: katika tafiti nyingi, mmoja akiugua, pacha wake naye aliugua katika asilimia 30 hadi 50 tu ya jozi. Wala pipi na soda hazihusiki.

Sasa kinachorithiwa ni nini? Fika Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, asubuhi, mnadani. Mnadi huinua sinia la samaki, na wanunuzi huamua kwa kile kilicholala juu yake. Seli zetu nazo hukatakata protini, huviweka vipande kwenye sinia, huwainulia askari wa kinga waitwao seli T. Masinia hayo hutengenezwa na jeni za HLA, kwenye kromosomu ya 6, na ndizo zenye karibu nusu ya hatari yote ya kurithi.

Askari hufunzwa kwanza kwenye tezi ya thaimasi, kifuani. Anayeshambulia kipande cha mwili wenyewe huondolewa. Lakini kama umbo la sinia halikishiki vizuri kipande cha insulini, askari mbaya hakioni sawasawa, anafuzu, anaingia mtaani. Haya ndiyo maelezo yenye nguvu zaidi kwa sasa. Na umbo hilo hubadilishwa na kitu kidogo mno: mwaka 1987 watafiti walionyesha kwamba kiungo kimoja tu cha protini (asidi amino), cha 57 kwenye mnyororo mmoja wa sinia, huongeza au hupunguza hatari.

Masinia mawili yanayoogopewa zaidi ni DR3 na DR4, na hatari hupanda sana mtoto anapopata moja kwa baba na jingine kwa mama, hata kama wote wawili hawaugui. Hata hivyo, wengi wenye yote mawili hawaugui kamwe.

Takwimu hizi zimetoka zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kuna DR3 ya Kiafrika ambayo huelekea kukinga. Na utafiti wa 2025 Kameruni, Uganda na Afrika Kusini ulikuta karibu theluthi mbili ya vijana waliohesabiwa kuwa na aina ya kwanza hawana kingamwili, yaani alama za shambulio hilo kwenye damu; huenda ugonjwa wao ni mwingine.

Nilirudi Mbagala kumweleza dada habari ya masinia mawili. Akanisimamisha katikati, akamwita mumewe aje asikie.